Mama Hakukimbia

Asubuhi moja ya Agosti 2015, katikati ya kiangazi, nilitoka nyumbani kwetu Mushaki kabla jua halijachomoza, nimevaa kaptula na viatu vya mtumba, nikaishika barabara ya Sake nikikimbia. Ukungu ulikuwa umelala mabondeni na ng'ombe hawajatolewa zizini. Sijafika hata mita mia tano nikakutana na mama mmoja mzee akipanda mlima, jembe begani, kikapu kichwani. Aliponiona alisimama. Akatua kikapu. Hakunitazama mimi, alitazama nyuma yangu, kule nilikotoka, kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Mutoto yangu, kuko nini kule?"

"Hakuna kitu, mama. Niko nafanya spoti tu."

Hakunisadiki. Sijamaliza kueleza, alikuwa ameshageuka anamwita mjukuu wake aliyekuwa akichota maji chini ya barabara: aache bidoni, apande upesi. Mlango wa nyumba ya jirani ukafunguka, mtu akachungulia, mlango ukafungwa tena, nikasikia komeo. Mbwa wakaanza. Kwa dakika chache nilikuwa nimekitia kijiji hofu bila kusema neno, kwa miguu tu.

Niliacha kukimbia. Nilimbebea yule mama kikapu mpaka shambani kwake, nikamwomba radhi, na njiani nikamweleza kwamba huko Goma vijana hukimbia asubuhi kwa ajili ya afya na mashindano. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba yeye amekimbia mara nne katika maisha yake, na hakuna hata mara moja aliyokimbia kwa kupenda.

Lugha yetu imetupa neno moja kwa mambo hayo mawili. Unakimbia mbio, unakimbia vita. Tofauti inakuja baadaye, mwishoni kabisa, unapomtaja mtu mwenyewe: huyu ni mkimbiaji, yule ni mkimbizi. Lakini barabarani, alfajiri, penye ukungu, hakuna anayeona mwisho wa neno. Anaona miguu inakuja. Mimi nilikuwa nimejifunza maana ya pili miaka mingi kabla ya ile ya kwanza, na ninaamini kila ninachokijua kuhusu mbio za barabarani kilianzia huko.

Mushaki iko kama kilomita 40 kutoka Goma, katika teritwari ya Masisi, mashariki mwa Kongo. Ukitoka mjini unafuata upande wa Ziwa Kivu, juu ya mawe meusi ya volkano, mpaka Sake. Hapo mlima unaanza. Ziwa liko mita 1460 hivi juu ya usawa wa bahari, na milima ya Masisi inapita mita 2000, kwa hiyo zile kilomita kama 15 kati ya Sake na kwetu karibu zote ni za kupanda. Ni nchi ya malisho ya kijani, mikaratusi, mashamba ya maharagwe na ya viazi ambavyo sisi tunaviita birayi, na magari ya Fuso yanayopanda kwa mlio mzito, watu wamekaa juu ya magunia. Mvua ikinyesha barabara inakuwa sabuni. Kiangazi inakuwa vumbi linaloingia mpaka kwenye meno.

Mwanzoni mwa Desemba 2007 jeshi la serikali liliingia Mushaki likiwafukuza wapiganaji waasi wa CNDP wa Laurent Nkunda. Haikutimia wiki, wapiganaji wakairudia. Sisi tulishuka katikati ya siku hizo, usiku. Nilikuwa na miaka 14. Baba alibaki kwa ajili ya ng'ombe. Alitufikia siku ya tatu akiwa na wawili. Mama alibeba sufuria, blanketi na unga kichwani. Mimi nilifungwa mdogo wangu wa kike mgongoni kwa kitenge. Alikuwa na miaka 4 na alikuwa mzito kuliko nilivyodhani mtoto wa miaka 4 anaweza kuwa mzito.

Watu walikuwa wanakimbia. Walitupita kwa makundi, wengine na magodoro, wengine na mbuzi wa kuvuta kamba. Kila milio iliposikika nyuma, miguu yangu iliondoka yenyewe, na kila mara mama aliniita kwa jina langu lote, jina la nyumbani na la ubatizo na la babu, kama anavyoniita nikikosa. Nilirudi kando yake. Yeye hakukimbia. Alikwenda mwendo wa mtu anayewahi soko, mfupi wa hatua, bila kusimama, wala hakuongeza wakati wa milio wala hakupunguza wakati wa ukimya. Nilimkasirikia sana usiku ule. Nilifikiri hajui kinachoendelea.

Tulipokaribia Kimoka, Sake ikiwa si mbali tena, tukaanza kuwakuta. Wale waliotupita juu walikuwa wamekaa kando ya barabara. Mzee mmoja alikuwa akitapika. Mwanamke mmoja alikuwa na kambambili moja tu na mguu wa pili ulikuwa damu. Mwanaume aliyekuwa amebeba watoto wawili alikuwa amelala chali kwenye majani na watoto wamekaa pembeni wanamwangalia. Mama alisimama mara moja tu, akampa yule mwanamke kipande cha kitenge afunge mguu, kisha tukaendelea kwa mwendo uleule. Kulipopambazuka tulikuwa Sake. Siku ya pili tulifika Mugunga, karibu na Goma, tukajenga kibanda cha majani ya migomba juu ya mawe ya volkano, mahali ambapo huwezi hata kupigilia kigingi ardhini.

Miaka saba ilipita kabla sijaelewa kwamba usiku ule nilikuwa nimefundishwa.

Mwaka 2014 nilikuwa nasoma Goma. Ukiamka mapema Jumapili katika mji ule utayasikia makundi ya futingi kabla hujayaona: vijana hamsini, sitini, wanakimbia pamoja kwa wimbo, mmoja anaongoza na wengine wanaitikia, makofi yanashika hatua. Wanatoka mitaa ya Ndosho, Katindo, Himbi, wanapita juu ya lava iliyomwagika Januari 2002 na kufunika sehemu kubwa ya katikati ya mji. Nilijiunga nao kwa sababu ya upweke, sina sababu nyingine ya kutaja. Mtu anayekimbia ndani ya wimbo hajui amekwenda umbali gani. Baada ya miezi mitatu niliweza kwenda saa nzima bila kusimama, na mtu akaniambia kuna mashindano ya kilomita 10 siku ya sikukuu.

Nilianza mbio zile kama mtu aliyesikia risasi. Bunduki ya kuanzishia haikuwepo, ilikuwa filimbi, lakini mwili wangu ulijua njia moja tu ya kuondoka watu wengi wanapoondoka pamoja. Kilomita mbili za kwanza nilikuwa karibu na wa mbele. Kilomita ya 4 kifua kiliwaka. Kilomita ya 6 nilikuwa nimesimama, mikono magotini, na watu niliowaacha mwanzoni wakaanza kunipita mmojammoja: mwalimu mwenye mvi, msichana wa shule ya sekondari, baba mwenye tumbo aliyekuwa akizungumza na mwenzake. Nilipoinua kichwa nilikumbuka Kimoka. Niliwakumbuka wale watu kando ya barabara, na mwendo mfupi wa mama ukiwapita. Nilimaliza nikitembea. Jioni nilimpigia mama simu, nikamuuliza kwa nini usiku ule hakukimbia. Alishangaa swali. Akasema: "Nilijua Sake iko mbali."

Sijasikia mwalimu wa riadha akilieleza jambo hili kwa maneno machache zaidi. Mtu anayeanza kwa kasi asiyoiweza hukopa. Misuli inapokosa hewa ya kutosha inachoma sukari yake haraka na vibaya, na deni hilo hulipwa kabla ya mbio kwisha. Kujua umbali maana yake ni kuuamini tangu hatua ya kwanza, wakati miguu bado mibichi na kila kitu mwilini kinakuambia unaweza zaidi.

Mwaka uliofuata, tukiwa tumesharudi Mushaki, baada ya siku ile ya yule mama na kikapu nilikwenda kwa mkubwa wa kijiji nikamweleza. Jumapili baada ya misa alitangaza kwamba kijana fulani, mtoto wa fulani, atakuwa anafanya mazoezi barabarani asubuhi, watu wasiogope. Hiyo ndiyo ruhusa muhimu kuliko zote nilizowahi kupewa. Tangu hapo nilivaa fulana ya njano kila mara, ili nijulikane kutoka mbali, na nilisalimia kila mtu. Kila mtu, bila kumruka mmoja. "Mwaramutse" kwa anayesema Kinyarwanda, "jambo" kwa mwingine, na kwa wazee wa Kihunde nilijifunza salamu yao nikaitamka vibaya mpaka wakanirekebisha.

Salamu ndiyo iliyonifundisha mwendo. Kwetu salamu haiishi kwa neno moja. Unaulizwa umeamkaje, wa nyumbani wakoje, mama anaendeleaje, na wewe unarudisha. Nikiwa nakwenda kwa mwendo unaofaa niliweza kujibu yote bila kukata pumzi. Nikishindwa kumaliza habari za nyumbani, nilijua nimezidisha. Walimu wa mbio duniani kote wanasema mazoezi mengi ya mtu yafanyike katika mwendo anaoweza kuzungumza, kwa sababu huo ndio unaojenga moyo na mishipa midogo ya damu bila kuuchosha mwili. Wengine hununua saa za bei kubwa za kupima mapigo ya moyo. Mimi nilikuwa na wazee wa Mushaki, na kama nilipita bila kuwajibu vizuri, habari ilifika nyumbani kabla yangu.

Kasi nilijifunzia kwenye barieri. Hili linahitaji maelezo kwa msomaji wa mahali penye amani. Barabara za Masisi zina vizuizi, kamba au mti uliolazwa, na watu wenye silaha pembeni. Sheria niliyojiwekea ilikuwa moja na sikuivunja hata siku moja: mita mia kabla ya barieri, tembea. Mikono ionekane. Hakuna vifaa vya muziki masikioni, hakuna nguo yenye rangi ya jeshi, hakuna kofia ya kuficha uso. Salimia, jibu unachoulizwa, pita ukitembea, na mita mia baada yake ndipo uanze tena. Kwa kuwa kutembea kule kulinipa pumziko, kati ya barieri moja na nyingine nilikimbia kwa nguvu. Baadaye mwanariadha mmoja wa Goma aliniambia kwamba haya ndiyo mazoezi ya vipindi, kazi na pumziko, kazi na pumziko, ambayo wakimbiaji wakubwa huyafanya uwanjani kwa kipimo cha mita 400. Nilifurahi kusikia. Lakini sitaki kuyapamba: ningependa kuyafanya uwanjani.

Na kuna watu wa chukudu. Anayekuja Goma kwa mara ya kwanza huiona ile sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu iliyosimamishwa mjini mwaka 2009, mtu anasukuma gari la mbao la magurudumu mawili, akafikiri ni pambo. Si pambo. Chukudu hutengenezwa kwa mbao ngumu na mikaratusi, magurudumu yake yamevikwa mpira wa matairi ya zamani, na kipande kingine cha mpira karibu na gurudumu la nyuma ndicho breki, unakikanyaga kwa kisigino. Hubeba magunia ya birayi, makaa, mbao, mamia ya kilo. Kushuka wanateleza kwa kishindo. Kupanda wanasukuma, na ni katika kupanda nilipopata rafiki, baba mmoja wa makamo aliyekuwa akinikuta karibu kila Jumamosi kwenye kona zilezile.

Mara ya kwanza nilimpita. Nilipomaliza kona mbili nilisimama kuvuta pumzi, akanipita. Nikampita tena, akanipita tena, na juu kabisa tulifika pamoja, yeye akiwa na mzigo na mimi mikono mitupu. Nilimuuliza anapumzika lini, maana nilimwona mara kadhaa ameegemeza chukudu kwenye jiwe. Akanijibu: "Siye hatupumzike kisha kuchoka. Tunapumzika mbele ya kuchoka." Akanionyesha mahali pake pa kupumzikia: mti fulani, kalvati fulani, jiwe fulani. Hupumzika pale hata siku anayojisikia na nguvu. Hasa siku hiyo. Alisema kijana anayeviruka vituo kwa kujiona ana nguvu ndiye anayeachia chukudu kwenye kona ya mwisho, na mzigo unarudi chini pamoja naye.

Nilibadilisha wiki yangu yote kwa sababu ya maneno yale. Kabla yake nilikuwa nakimbia mpaka nishindwe kuamka, kisha nalala siku nne, kisha naanza upya kwa hasira. Baada yake nilikimbia Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na Jumatatu nililima na mama, na siku za kupumzika nilipumzika hata miguu ikiniwasha kutaka kwenda. Sikuumia tena kwa muda wa mwaka mzima, ila mara moja, na kosa lilikuwa la kushuka.

Watu hudhani kupanda ndiko kugumu. Kupanda kunakuchosha, lakini kushuka kunakuvunja. Mtu anaposhuka, msuli wa paja unafanya kazi ya breki: unajikaza huku ukivutwa, na nyuzi zake ndogondogo zinapasuka. Siku hiyohiyo husikii kitu. Siku ya pili huwezi kuchuchumaa chooni. Nilishuka mpaka Sake kwa kasi siku moja kwa sababu ilikuwa raha, na siku tatu mfululizo mdogo wangu alinisaidia kuinuka kitini. Dawa yake ni kushuka kidogokidogo, wiki hadi wiki, maana msuli ulioumia kidogo ukapona huvumilia zaidi mara ijayo. Hatua ziwe fupi na za haraka. Nilipozitazama hatua zangu zilipokuwa fupi, nilizijua: zilikuwa za mama, za 2007.

Kuhusu chakula sina mengi. Birayi, maharagwe, bugali, sombe, maziwa ya mgando, na jibini ya Masisi pale ilipopatikana. Hakuna mkimbiaji aliyewahi kushindwa kwa kula hivyo.

Nimesoma habari za Iten, mji mdogo wa Kenya ulioko mita kama 2400, ambako mabingwa wengi wametokea. Brother Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alifika pale mwaka 1976 kufundisha katika shule ya St. Patrick's, na huyo ndiye aliyemlea David Rudisha. Watu hutaja urefu wa milima, hewa nyepesi inayoufanya mwili uongeze chembe nyekundu za damu, barabara za udongo, maziwa, watoto wanaokwenda shule kwa miguu. Ninaposoma orodha hiyo moyo unaniuma, kwa sababu nikiifuata kwa kidole naikuta Masisi yote. Milima tunayo. Udongo tunao. Maziwa tunayo kuliko tunavyoweza kuyafikisha sokoni. Msichana wa Mushaki anapanda mteremko na bidoni la lita 20 kabla ya shule, na jioni tena. Tusichokuwa nacho ni mwalimu mmoja aliyekaa mahali pamoja miaka arobaini, na asubuhi ambayo mtoto ana hakika itafuatwa na asubuhi nyingine inayofanana nayo. Mazoezi ni kurudia. Vita huondoa, pamoja na mengine yote, uwezo wa kurudia.

Ndiyo maana namheshimu Vénuste Niyongabo kuliko wengi wanaotajwa zaidi yake. Mwaka 1996, Burundi ikiwa ndani ya vita, alishinda mita 5000 mjini Atlanta, medali ya kwanza ya Olimpiki ya nchi yake. Umbali wake mkuu ulikuwa mita 1500. Nafasi ya mbio hizo alimwachia Dieudonné Kwizera, mkubwa wake kwa umri, aliyekosa Olimpiki za nyuma kwa kuwa Burundi haikuwa na kamati ya Olimpiki ya kumpeleka. Kwao si mbali sana na kwetu.

Mimi sikuwa na ndoto za namna hiyo. Nilikuwa na miaka 24, nafundisha, na nilitaka kukimbia nusu marathoni moja kwa ukamilifu. Mei 2017 nilivuka mpaka wa Rwanda pale Petite Barrière kwenda Gisenyi, nikapanda basi kupitia Musanze hadi Kigali, kwenye mbio za amani ambazo hukimbiwa huko tangu 2005. Nililala kwa binamu yangu mtaa wa Remera, nikala viazi na mayai, sikupata usingizi.

Asubuhi, karibu na uwanja wa Amahoro, tulisimama maelfu. Kulikuwa na Wakenya wembamba mbele, Wazungu wenye saa kubwa, wanafunzi, wanajeshi, na Wakongo wachache tuliotambuana kwa namna ya kuzungumza. Kigali iko chini kuliko Mushaki, hewa ilikuwa tele, nilijisikia kama mtu aliyeshushwa mzigo. Hapo ndipo penye hatari. Walipoondoka, kundi zima lilishuka mlima wa kwanza likipiga kelele, na miguu yangu ikajibu kama zamani. Nikajiita kwa sauti. Jina langu lote, la nyumbani na la ubatizo na la babu. Kijana aliyekuwa kando yangu aligeuka kunitazama. Nikapunguza.

Kilomita 10 za kwanza nilipitwa. Nilisalimia watu wa meza za maji mmojammoja, nikamaliza salamu zote, nikajua niko sawa. Kwenye miinuko nilitafuta mti, taa ya barabarani, nikapunguza mbele ya kuchoka. Kwenye miteremko nilifupisha hatua. Kilomita ya 15 nikaanza kuwakuta kando ya barabara: waliokaa, waliokunja migongo, mmoja aliyevua kiatu. Koo lilinikaba. Haikuwa uchovu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa nawapita watu walioishiwa nguvu barabarani na hakukuwa na kitu chochote nyuma yetu. Walikuwa wamechoka tu. Watakunywa maji, watapigwa picha, watarudi kwao. Nilimaliza kwa saa 1 na dakika 52 nikilia, na mwanamke aliyenivisha medali alinipigapiga begani akidhani ni furaha. Ilikuwa furaha pia.

Kwa fedha iliyobaki nilimnunulia mdogo wangu saa ya mkononi ya kawaida, yenye kitufe cha kuhesabu muda. Alikuwa na miaka 14 sasa, umri niliokuwa nao nilipombeba. Alianza kukimbia na mimi kila nilipopanda nyumbani. Maneno yalisemwa, msichana na suruali barabarani. Mama alivaa kitenge chake kizuri akaenda kwa waliosema, sijui aliwaambia nini, maneno yakaisha. Dada yangu alikuwa na kitu ambacho mimi nilikipata kwa taabu: hakuwa na haraka mwanzoni. Akifika mwisho ndipo unamwona. Kufikia mwaka 2021 sikuweza tena kumshinda kwenye mlima, na alikuwa anapiga kitufe cha saa ile kila anapotoka mlangoni, iwe mbio, iwe maji, iwe soko.

Februari 2023 waasi wa M23 waliichukua Mushaki. Mwanzoni mwa Desemba mwaka uleule, baada ya miezi ya kubadilisha mikono, wakaichukua tena. Nilikuwa Goma. Simu za nyumbani zilikatika. Nilikwenda kusimama barabarani Mugunga, pale wote wanapopita, nikakaa kutwa nzima natazama nyuso. Walifika jioni. Mama, ambaye magoti yake yalikuwa yamekwisha, alikuwa amekaa kwenye chukudu juu ya gunia, amejishikilia kwa mikono miwili, na jirani yetu anasukuma. Dada yangu alikuwa anatembea pembeni, mkono mmoja kwenye usukani, mzigo kichwani, hatua fupi.

Aliponiona alitua mzigo na kubonyeza saa.

"Kimoka nilianza kukimbia," aliniambia baadaye, usiku, mama akiwa amelala. "Walikuwa wanapiga karibu. Mama akaniita, juu ya chukudu kule. Jina langu lote."

Alinipa saa nitazame. Saa 9 na dakika 52, kutoka mlangoni mpaka Mugunga. Nilitaka kuifuta, sikupenda kuiona namba ile kwenye kitu nilichokinunua Kigali. Akaichukua mkononi mwangu. Jumapili hizi tunakimbia pamoja upande wa ziwa, alfajiri, naye anapima muda kwa simu. Ile saa hajaibonyeza tena.